Sayansi ya Mazingira Si Kimbilio la Wanaokwepa Hesabu

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa, hunijia wazazi na vijana kuniuliza swali lile lile: kijana huyu amepata alama za wastani katika sayansi, hesabu zimemwelemea kidogo, je, si afadhali akasome mazingira? Swali huulizwa kwa nia njema, na wengi wa waulizaji ni watu ninaowaheshimu. Hata hivyo nimeona ni wajibu wangu kulijibu hadharani, mbele ya walimu na wanafunzi wasomao kurasa hizi, kwa kuwa ndani yake mna dhana yenye madhara. Dhana hiyo ni kwamba sayansi ya mazingira ni mlango wa nyuma wa chuo kikuu. Kwamba ni somo la kupanda miti, kuokota taka na kutunga hotuba za Siku ya Mazingira Duniani. Kupanda miti ni jambo jema, lakini mtu hahitaji kukaa chuo kikuu miaka mitatu ili apande mti.

Mimi nadai kinyume chake. Nadai kwamba somo hili linadai fizikia, kemia, hisabati na jiografia kwa pamoja, kwa sababu maji, udongo na hewa havikugawanywa kwa vipindi kama ratiba ya shule. Na nadai kwamba uwanda huu wa kati wa nchi yetu, kutoka Mpwapwa na Kongwa hadi Manyoni, na kutoka Dodoma hadi Kondoa, una ushahidi wa kutosha juu ya jambo hilo. Hapa yamefanywa makosa makubwa na watu wasiopima, na hapa hapa yamegunduliwa mambo makubwa na watu waliopima kwa subira.

Tuanze na Kongwa, maana kisa chake kinajulikana na wengi ingawa aghalabu husimuliwa nusu. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki na Kati. Ujumbe ule ulizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30 za fedha za wakati ule.

Watu husema mpango ulishindwa kwa sababu ya matrekta mabovu na uongozi mbaya. Hayo yalikuwako. Lakini udongo wa Kongwa haukusoma ripoti ya ujumbe. Ni udongo wenye mfinyanzi uliochanganyika na chembe kali za mchanga: mvua ikinyesha hulimika, jua likishika hugeuka kama saruji, na chembe zile husaga majembe ya chuma kama tupa. Mvua nayo iliwadanganya kwa wastani wake. Hebu mwanafunzi afikiri: mwaka mmoja zinanyesha milimita 300, mwaka unaofuata 900. Wastani ni 600, na mtu aliyeketi ofisini mbali ataona kwamba 600 zinatosha. Karanga hazioti kwa wastani. Huota kwa mvua ya mwaka ule zilipopandwa, tena kwa mvua ya wiki ile. Mkulima wa Kigogo, aliyepanda mtama na uwele, na aliyetawanya mashamba yake ili manyunyu yakikosa hapa yapate pale, alikuwa amekwisha kulielewa jambo ambalo katika vitabu vya hisabati huitwa mtawanyiko. Kijana anayekimbia somo la takwimu, basi, anakimbia kile hasa ambacho wenyeji wa nchi kavu huishi nacho kila siku.

Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 lilifika kundi la watu wa namna nyingine. Walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, miongoni mwao Anders Rapp, Len Berry na Carl Christiansson. Waliyaendea mabwawa ya jirani na mji wa Dodoma, kama Ikowa, Matumbulu na Msalatu, wakafanya kazi ambayo haina sifa yoyote ya kuvutia: walipima kina cha mashapo, yaani tope na mchanga ulioletwa na maji na kutuama katika sakafu ya bwawa. Ukijua bwawa lilichimbwa mwaka gani na sakafu yake ya kwanza ilikuwa kina gani, na leo ukapima tope lililojaa, umeshapata kiasi cha udongo ulioondoka juu ya vilima vyote vinavyoteremshia maji hapo. Bwawa limekuwa mizani. Waligundua kwamba mabwawa yaliyojengwa ili yadumu yalikuwa yakijaa upesi, kwa namna ambayo uhai wake ungehesabiwa kwa miongo michache tu.

Waligundua na jambo jingine, ambalo mimi huona ni la thamani zaidi. Mtu yeyote apitaye njia ya Kondoa akiona korongo lenye kina cha nyumba mbili husema: hapa ndipo udongo unapopotea. Jicho hukimbilia korongo. Lakini vipimo vya mabwawa yale ya Dodoma vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya mashapo haikutoka katika makorongo, bali katika mashamba na malisho yaliyo wazi, ambapo tone la mvua hupiga udongo uchi, huurusha, na maji membamba yanayotandaa juu ya ardhi huuchukua kidogo kidogo. Hasara hiyo haionekani. Hebu tufanye hesabu ambayo hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Shamba la hekta moja lina mita za mraba 10,000. Likipoteza udongo wa unene wa milimita moja tu, limepoteza mita za ujazo 10, na kwa udongo wa kawaida huo ni uzito wa tani 14 hivi, yaani malori mawili ya tani saba. Nani atakayeona milimita moja? Mwenye shamba hataiona, wala diwani, wala mwandishi wa magazeti. Ataiona yule aliyepigilia msumari ardhini kabla ya mvua na kurudi kuupima baada ya mvua.

Sasa niwapeleke Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, kwa kuwa kisa cha huko ndicho kinachonifanya niandike makala haya.

Dodoma haina mto wa kudumu. Mvua zake ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, hunyesha baina ya mwisho wa Novemba na Aprili, na jua lina uwezo wa kuvukiza maji mara kadhaa zaidi ya hayo. Kwa miaka mingi mji umekunywa hasa maji ya visima virefu vya Makutupora, vilivyochimbwa katika mwamba wa itale uliochakaa na kupasuka. Swali ni hili: maji yale yanajazwaje? Ukichukua mvua ya wastani na kuondoa uvukizi wa wastani, utapata jibu la kutisha kwamba hakuna linalobaki. Na hata hivyo visima havijakauka. Jibu lilipatikana kwa sababu moja: watumishi wa idara ya maji walikuwa wameendelea kupima kina cha maji katika visima vile tangu miaka ya 1950. Mtu alikwenda, akateremsha kamba, akaandika tarakimu, akarudi. Serikali zilibadilika, mawaziri walibadilika, mtu yule alistaafu akaja mwingine, naye akateremsha kamba.

Mwaka 2013 Richard Taylor wa London, pamoja na Lister Kongola wa Wizara ya Maji na wenzao wengine, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Picha iliyotokea si ya kisima kinachojazwa kidogo kidogo kila masika. Kwa miaka kadhaa mfululizo maji hushuka na kushuka, hata mtu akadhani mwisho umefika. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida, mara nyingi unaohusiana na hali ya El Niño na joto la Bahari ya Hindi, na katika miezi michache akiba hujazwa kwa ghafula. Mvua za 1997/98, zile zilizobomoa madaraja na reli na ambazo sote tulizilaani, ndizo zilizojaza Makutupora kuliko nyingine zote katika kumbukumbu ile.

Naomba msomaji apime uzito wa jambo hili. Mtafiti ambaye angepima kwa miaka mitatu tu, muda wa shahada ya kwanza, angetoa jibu la uongo bila kukusudia. Kama miaka yake ingeangukia katika kushuka, angetangaza janga. Kama ingeangukia 1998, angetangaza neema. Na leo, baada ya serikali kuhamia Dodoma kuanzia mwaka 2016, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na sensa ya 2022 kuhesabu zaidi ya watu laki saba ndani yake, swali la kiasi gani kinaweza kuchotwa Makutupora bila kuharibu akiba si swali la mtihani. Mabati na lami vimefunika ardhi iliyokuwa ikinywa maji. Vyoo vya shimo na makaro vimeongezeka, na kutoka humo nitreti huweza kushuka hadi kwenye maji ya chini. Jirani zetu wa Singida wana visima vyenye floraidi inayochafua meno ya watoto. Hayo yote ni kemia. Atakayeyajibu ni nani, kama darasa la mazingira limejaa waliokwepa kemia?

Hapa sina budi kusema jambo ambalo litawaudhi baadhi ya wenzangu wa vyuoni. Nimepata kuketi mara kadhaa katika jopo la kusikiliza tasnifu za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, katika chuo ambacho sitakitaja. Kijana mmoja, mwerevu, mwenye suti iliyopigwa pasi, alitueleza utafiti wake juu ya mmomonyoko wa udongo katika kijiji fulani. Alikuwa amegawa madodoso kwa wakazi, naye akatuonyesha kwa chati za rangi kwamba wengi wao wanakubali kwamba udongo unamomonyoka. Nilimwuliza umemomonyoka kiasi gani. Akanijibu kwamba wengi walisema ni kiasi kikubwa. Nilimwuliza kama aliona mizizi ya miti iliyobaki juu ya ardhi, akasema aliona. Je, aliipima urefu wake toka ardhini? Hakuipima, hakuambiwa. Simlaumu kijana yule. Alipewa alama nzuri, tena na mimi nilitia sahihi, na mpaka leo sahihi ile hunisumbua.

Dodoso si kitu kibaya. Liko jambo ambalo msumari na kamba haviwezi kulijua, na Kondoa ni shahidi. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO. Kwanza yalichimbwa matuta na kupandwa miti. Kisha, mwaka 1979, ikaamuliwa mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika sana la Kondoa, lenye kilomita za mraba 1,256. Wakaondolewa ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wapatao 90,000. Majani yalirudi, vichaka vilirudi, na mitelemko iliyokuwa myekundu kama jeraha ikafunikwa. Kwa mwenye kupima udongo peke yake, ule ulikuwa ushindi usio na doa. Lakini ng'ombe wa Mrangi alikuwa maziwa ya mtoto, samadi ya shamba, mahari na benki. Hasara hiyo nayo ilikuwa na vipimo vyake, na wakati wa uamuzi haikuwekwa katika mizani. Baadaye ng'ombe waliruhusiwa kurudi kidogo kidogo kwa kufugwa zizini na kukatiwa majani.

Kisa hicho kina mkia wake. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba uharibifu wa Kondoa ni matokeo ya mifugo mingi ya karne ya ishirini. Watafiti waliokuja baadaye walichimba mashapo ya chini ya vilima vya Irangi na kupima umri wa chembe za mchanga kwa njia ya ajabu: chembe ya kwatzi ikifukiwa gizani hujiwekea nishati kidogo kidogo, na maabara huweza kuifanya iitoe kama mwanga na kuhesabu imekaa gizani muda gani. Walikuta kwamba baadhi ya udongo ule ulikuwa umekwisha kuporomoka maelfu ya miaka iliyopita, kabla ya ng'ombe yeyote kufika huko. Haina maana kwamba mifugo haina hatia. Mashapo ya karne za karibuni nayo yapo, tena mengi. Ina maana kwamba mshitakiwa alihukumiwa kabla ya ushahidi kukusanywa. Ushahidi wenyewe ulitoka katika fizikia ya chembe ya mchanga.

Najua nitajibiwa kwamba vyuo vyetu havina vyombo. Ni kweli kwa maabara ya kupima umri wa kwatzi. Si kweli kwa mengine. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimekaa juu ya vilima vyenye mitelemko ya kila aina. Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kipo mji huo huo. Sokoine iko Morogoro, mwendo wa saa chache kwa basi. Pendekezo langu ni dogo, na gharama yake ni ndogo kuliko semina moja ya hotelini: kila idara ifundishayo mazingira ichague bonde moja na kisima kimoja, isivibadilishe. Kila darasa linaloingia lipokee daftari kutoka kwa darasa linalotoka, kama wanariadha wanavyopokezana kijiti, na hakuna mwanafunzi atakayehitimu bila kuongeza kurasa zake. Baada ya miaka 20 idara hiyo itakuwa na kitu ambacho fedha za wafadhili haziwezi kununua, kwa sababu miaka iliyopita hainunuliwi. Msimu wa El Niño wa 2023/24 umekuja na kupita. Ni idara ngapi zina daftari la maji yaliyoingia katika kisima chake mwaka ule?

Nitaulizwa pia juu ya ajira. Sitawadanganya vijana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mingi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lipo kuisimamia. Kwa hiyo kazi ipo. Lakini wahitimu ni wengi kuliko nafasi, na wengi wao hujua kuandika tathmini kwa kunakili tathmini nyingine. Mwenye kuchimba mgodi au kujenga barabara akipata mtu awezaye kumwambia mtelemko huu utatoa maji kiasi gani katika mvua ya milimita 50, na kwa hiyo kalvati iwe ya upana gani, hatamwacha aondoke. Mvua hiyo, juu ya hekta moja ya mwamba mtupu, ni lita 500,000. Hesabu hiyo tena ni ya kidato cha pili.

Kwa walimu wa sekondari nina ombi. Mwanafunzi mwenye moyo wa mazingira asielekezwe upande wa masomo mepesi. Aelekezwe kwenye mchepuo wenye kemia au fizikia pamoja na jiografia, na hesabu zisiachwe. Tena shule isingoje chuo kikuu. Wazee husimulia kwamba jina la Dodoma limetokana na tembo aliyekwenda kunywa maji akazama matopeni. Yaani mji mkuu wetu umepewa jina na mtu aliyeangalia udongo. Shule ya uwandani ianze hapo. Kipimamvua hutengenezwa kwa chupa yenye kuta zilizonyooka, iliyokatwa shingo na kugeuziwa shingo hiyo iwe kama faneli, ikafungwa kwenye nguzo mbali na miti na paa. Sakafu ya chupa aghalabu haiko sawa, kwa hiyo ijazwe kwanza kokoto na maji mpaka kuta zinaponyookea, na rula ianze kuhesabu hapo. Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi na mwanafunzi wa zamu, pamoja na Jumapili na siku za likizo, kazi ambayo watoto wanaokaa jirani na shule wataifanya kwa fahari wakikabidhiwa. Daftari liandikwe kwa wino. Na siku ambayo mvua haikunyesha iandikwe sifuri, isiachwe wazi, kwa maana nafasi iliyoachwa wazi haimwambii mtu wa miaka 50 ijayo kama mbingu zilikuwa kavu au mpimaji alikuwa amelala.